Kiboksi Kilichokataa Kuzimika

Kile kiboksi cha bluu kilicho juu ya kabati langu hakijaharibika. Hakijawahi kuharibika hata siku moja, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Kingekuwa kibovu, mimi leo ningekuwa mzee na raha zangu, nakohoa tu na kusumbua watu.

Ngoja nieleze kwanza kinafanya nini, maana kuna mjukuu wangu mmoja alidhani ni chaja ya simu.

Mimi nilikuwa mpiga besi. Gitaa la besi, lile lenye nyuzi nne nene kama kamba za kuanikia nguo. Watu kwenye dansi hawamwangalii mpiga besi. Wanamwangalia mwimbaji, wanamwangalia wa solo anavyojikunja kama ana tumbo la kuendesha. Lakini besi ikikatika tu, utaona watu wamesimama katikati ya ukumbi wanatazamana, hawajui miguu yao iende wapi. Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kushika miguu ya watu. Niliishika miaka ishirini na mbili.

Sasa kiboksi. Waya wa gitaa unaingia upande mmoja, unatokea upande wa pili, unakwenda kwenye spika. Huko ndani kiboksi kinaipitisha sauti yako kama ilivyo, lakini kinaiba nakala yake. Ile nakala kinaichelewesha kidogo, kidogo sana, halafu kinaiyumbisha, mara ipande unywele, mara ishuke unywele. Kisha kinazirudisha zote mbili pamoja. Wewe msikilizaji unasikia kama besi mbili zinatembea njia moja, mtu na mdogo wake wametumwa dukani. Hawagongani, ila hatua zao haziko sawasawa. Inaitwa korasi. Ukiipata vizuri, sauti inanenepa, inakuwa na majimaji ndani yake, mtu anaweza akakumbuka mambo ambayo hata hayajamtokea.

Kina nobu tatu za kuzungusha. Moja ya kasi, moja ya kina, moja ya kusema nakala iwe nyingi kiasi gani. Siri niliyojifunza mwenyewe, maana mimi shule niliishia la nne, ni kwamba besi haitaki korasi nyingi. Ukizidisha kina, besi inalewa. Inaanza kupepesuka, na mtu aliyelewa hawezi kushika miguu ya wengine. Mimi kasi niliiweka chini kabisa, kama mtoto anapumua usingizini. Kina robo. Nakala chini ya nusu. Nyimbo za haraka nakizima, za taratibu nakikanyaga kinawaka. Hiyo ilikuwa zamani. Baadaye nikaanza kukiacha kimewaka muda wote, nyimbo zote, na wala sikujiuliza kwa nini.

Kwenye bendi waliniita Mizani. Mtu akitaka kutyuni gitaa lake anakuja kwangu. "Mizani, nipe sauti." Nampa. Hakuna aliyebisha. Na nani hubishana na mizani? Mtu akienda dukani anapimiwa sukari, hajapata kusema hebu kwanza tuipime mizani yenyewe.

Mwimbaji wetu alikuwa mke wangu, bibi yenu. Yeye walimwita Chiriku, na si kwa sababu ya maneno mengi, maana maneno alikuwa nayo machache. Ni ile sauti. Alikuwa akifungua mdomo, hata wahudumu wanaopita na sinia za vinywaji wanapunguza mwendo.

Jukwaani tulisimama hivi, na mkumbuke, maana nitarudi hapo. Mimi katikati. Kulia kwangu spika yangu. Kushoto nyuma alikaa mpiga ngoma, tukimwita Radi, na lile toazi lake kubwa la shaba lilikuwa usawa wa sikio langu la kushoto kabisa. Kushoto mbele, hatua mbili, mke wangu. Miaka ishirini na mbili toazi lile linanipasukia sikioni, na mimi nacheka, namwambia, "Radi, leo hukula nini?" Mpaka nafika nyumbani sikio linalia kama nzi kwenye chupa. Asubuhi linanyamaza. Nikadhani linapona.

Miaka ya mwisho nikaanza kusikia kwamba mke wangu anashuka. Si sana. Sauti anaianza chini ya pale inapotakiwa, unywele tu, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Nikanyamaza. Nikasema amechoka, ana mtoto mchanga nyumbani, kitindamimba wetu. Lakini mwezi ukaisha na mwingine ukaisha, bado anashuka.

Halafu siku moja tukaenda kurekodi. Chumba kilikuwa na magodoro ukutani na kioo kimoja, nyuma ya kioo kijana wa mitambo. Wimbo ulikuwa wake yeye, mama, aliutunga mwenyewe akiwa na mimba. Tukaupiga mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu nikatoa mkono kwenye nyuzi.

"Unashuka," nikamwambia.

"Nashuka wapi?"

"Kote."

Mpiga rithimu, ambaye tulimwita Kipara na nywele zake zilifika mabegani, akasema, "Mizani, mbona mimi namsikia yuko sawa?"

"Wewe sikio lako la mbao. Siku uliyotyuni bila mimi, mbwa walilia mtaa mzima."

Watu wakacheka. Hata yeye mke wangu alicheka kidogo, akiniangalia.

Kijana wa mitambo akabonyeza kitu chake, akasema kwenye spika, "Mzee, mimi ningeomba upunguze hiyo korasi ya besi. Huenda ndiyo inamchanganya mama."

"Wewe bonyeza vitufe vyako," nikamjibu. "Korasi nilianza kuipiga wewe unanyonya."

Akaimba tena. Safari hii hakuangalia kioo wala karatasi, aliniangalia mimi usoni moja kwa moja. Na mimi nikakunja uso. Mnajua uso wa mtu aliyeng'ata jiwe kwenye chakula mbele ya wageni, hataki kutema na hawezi kumeza? Ndio huo. Akaacha katikati ya mstari. Akavua hedifoni, akazitundika kwenye msumari, taratibu, akahakikisha hazianguki.

"Kweli, baba watoto?"

"Kweli, mama watoto. Sauti imekwisha. Si vibaya, inatokea."

Si vibaya, inatokea. Niliyasema kwa upole. Ningekuwa nimemfokea, labda angenibishia. Upole wangu ndio uliomaliza kila kitu. Alichukua mkoba wake, akawaaga watu mmoja mmoja kwa mkono, hata yule wa mitambo, akatoka. Hakuimba tena.

Tuliletewa mwimbaji mwingine, mimi nikasema anashuka. Tukaletewa wa pili, anashuka. Wa tatu alitoka mbali na sifa zake, anashuka vilevile. Sasa mtu mwenye akili, waimbaji wanne wanakosea kosa lile lile, angejiuliza. Mimi nilisema vipaji vimekwisha duniani. Nyani haoni kundule, jamani. Bendi ikafa kabla ya mwaka. Nikaenda kulinda ghala, gitaa nikalilaza juu ya kabati na kiboksi pembeni yake.

Nyumbani, mara moja tu baada ya hapo, nilimkuta mama anafua. Mikono iko kwenye povu, na kile kiwimbo kinamtoka puani, mmm mmm, hata yeye hajui. Nikapita mlangoni. Akainua macho. Sikusema kitu, naapa, sikusema neno. Lakini uso ukaenda wenyewe. Akanyamaza, akaendelea kufua. Tangu siku hiyo nyumba ikabaki na sauti za sufuria. Akanunua cherehani, akawa anashona sare za shule, na cherehani ndiyo iliyokuwa ikisema badala yake, trrr, trrr, mchana kutwa.

Mimi nikabaki kugombana na redio. Kila redio niliyonunua ilikuwa mbovu. Nyimbo zinasikika zimechanika, kama zinaimbwa na watu wawili wasiopendana. Redio tatu nilizipeleka kwa fundi mmoja yule yule, na zote alinirudishia akisema ni nzima, na zote niliziuza.

Ikapita miaka kumi na tisa.

Jumamosi moja yule kitindamimba akaja. Sasa ni mtu mzima wa miaka ishirini, anafanya kazi ya mapokezi kwenye zahanati. Akakaa, akala, halafu akasema bila kuzunguka.

"Baba, kaka zangu walimsikia mama akiimba. Dada alibembelezwa na nyimbo zake. Ni mimi tu sijawahi. Nataka nimrekodi. Hata wimbo mmoja."

Mama yuko chumba cha pili kwenye cherehani, mlango wazi. Cherehani ikasimama.

"Mwanangu, sauti yangu iliharibika," akajibu kutoka huko. "Muulize Mizani."

"Naitaka hivyo hivyo ilivyoharibika, mama. Sitaki nzuri. Naitaka yako."

Mama akasema, "Jumapili ijayo, basi. Baba yako akipiga."

Mnajua mimi nilisema nini? Nilijiona mchekeshaji. Nilisema, "Usijali, mama watoto, nitaweka korasi nyingi, ikufunike." Binti akanitazama. Mama akacheka kidogo, kicheko kile kile cha kwenye magodoro. Cherehani ikaanza tena.

Jumatatu nikalishusha gitaa, nikalifuta vumbi, nikachomeka waya. Kiboksi nikakitia betri mpya. Nikapiga uzi wa juu, ule mnene: sauti mbili. Nikasema, aha, kimewaka. Nikakikanyaga kizime: sauti mbili. Nikakikanyaga: mbili. Taa yake ndogo nyekundu inawaka na kuzimika vizuri, lakini korasi iko palepale, na si ile korasi yangu ya robo, ni ile ya kilevi, mbaya. Nikasema kimekwama hiki. Nikakitia mfukoni, gitaa begani, nikaenda kwa fundi redio.

Fundi huyo ni mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya, na kibanda chake kikubwa kama kabati la nguo, redio zimepangana mpaka juu, zote matumbo wazi.

"Karibu, mzee wa redio mbovu!" akasema. "Leo umeniletea maiti gani?"

"Kiboksi. Hakizimiki."

"Heri hicho. Mimi wote wanaoletwa hawawaki."

Akakifungua, akakichungulia, akagusagusa na vile visindano vyake vya kupimia. Akatingisha kichwa. "Mzee, kizima hiki."

"Fundi, usinifanyie kama redio zangu. Chomeka spika, nikupigie usikie mwenyewe."

Akachomeka. Nikapiga.

"Sasa kimewaka," akasema. "Nasikia mawimbi. Zima."

Nikazima, nikapiga. "Umesikia? Bado mbili!"

"Moja, mzee."

"Mbili!"

"Moja."

Watu wawili waliokuwa wanasubiri wakaanza kutabasamu. Fundi akatoa betri, akainyanyua juu kama refa na kadi. "Betri hii hapa mkononi mwangu. Piga."

Nikapiga. Mbili.

Hakucheka tena. Akachomoa waya kwenye kiboksi, akakiweka mezani kikiwa kimelala chali, akauchomeka waya wa gitaa moja kwa moja kwenye spika. Hakuna kitu kati ya gitaa na spika, ni waya mtupu. "Piga sasa, taratibu."

Nikapiga taratibu. Moja iko hapa, na nyingine chini yake, unywele.

"Spika yako basi," nikasema, lakini sauti yangu ilikuwa imeshapungua.

Fundi akaingiza mkono chini ya meza, akatoa hedifoni moja chakavu, upande mmoja umekufa, upande mmoja unaongea. Akaichomeka kwenye simu yake, akatafuta mlio mmoja ulionyooka, piiii, usiopanda wala kushuka. Akanipa ule upande mzima. "Weka kulia." Nikaweka. "Unasikia?" Nasikia. "Sasa huo huo, hamishia kushoto."

Nikahamisha. Mlio ukashuka.

"Umebadilisha," nikamwambia.

Akainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyevamiwa. "Sijagusa, mzee."

Nikahamisha kulia, ukapanda. Kushoto, ukashuka. Kulia. Kushoto. Sijui nilifanya mara ngapi. Wale waliokuwa wanasubiri wakaacha kutabasamu, mmoja akageuka kutazama barabarani.

"Sikio, mzee wangu," fundi akasema polepole. "La kushoto linakudanganya. Tangu lini?"

Nilikuwa nimesharudi jukwaani. Niko katikati, spika kulia, Radi na toazi lake kushoto, na mbele kushoto, hatua mbili, mke wangu. Nikaona namna nilivyoanza kukiacha kiboksi kimewaka kwenye nyimbo zote. Maana kikiwaka, besi yangu kuwa mbili ni haki yake, ndiyo korasi hiyo, hakuna cha kushangaa. Ugonjwa wangu ulijificha ndani ya kiboksi miaka yote ile, umekaa raha mustarehe. Lakini mke wangu hakuwa na waya. Hakuwa na kiboksi. Yeye alisimama na koo lake tu, na mimi nikisikia mbili kwake, lazima mmoja wetu awe na kosa. Na mimi ndiye Mizani.

"Kaa, mzee," fundi akasema. "Kaa nikupe maji."

Sikukaa. Niliondoka, kiboksi kikabaki pale tumbo wazi, ikabidi anikimbilie nacho.

Njiani niliwaza kunyamaza. Nisiseme uongo, niliwaza sana. Nilisema, mama watoto amezoea. Ana cherehani yake, ana wateja wake, kidonda kimefunga. Nikienda kumwambia kwamba miaka kumi na tisa ilichukuliwa bure, kwamba angeweza kuimba kila siku, angembembeleza kitindamimba, angeimba akifua, akipika, akinikasirikia, si ni kumwibia mara ya pili? Upande mwingine nikasema, Jumapili atakaa mbele ya mwanawe aimbe huku anaomba msamaha kwa sauti ambayo haina kosa. Hilo nikashindwa kulimeza.

Nilimkuta kwenye cherehani, anapinda sketi, pini nne ziko mdomoni. Hakunisalimia, hangeweza, aliinua nyusi tu. Nikabaki nimesimama na gitaa begani kama mgeni. Nikamwambia yote. Fundi, betri, hedifoni iliyokufa upande mmoja, toazi la Radi. Nilipofika kwenye magodoro, nikasema, "Siku ile ulikuwa sawa. Siku zote ulikuwa sawa. Ni sikio langu."

Akatoa pini mdomoni. Moja, akaichomeka kwenye kile kifuko cha pini. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

"Nilikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa."

"Na siku ile ya kufua?"

Sikujua kama anaikumbuka. "Na siku ile."

Akaishika sketi, akaipiga mapajani kuinyoosha, ingawa ilikuwa imenyooka. "Unajua," akasema, "mimi nilikuwa najisikia. Nilikuwa najisikia kabisa niko sawa. Nikasema, basi na masikio yangu yameharibika pia, maana Mizani amesema. Wewe ungerudi siku ile ukaniambia una mwanamke mwingine, ningejua la kufanya. Ningelia, ningewaita ndugu zako, ningekutupia nguo nje. Hili nalifanyia nini, baba watoto? Niambie. Hili mtu analishika wapi?"

"Nisamehe, mke wangu."

"Nikusamehe sikio?" Akatingisha kichwa. "Sikio sina ugomvi nalo. Kipara alikuambia. Yule kijana alikuambia. Mimi nilikuuliza."

Halafu akarudisha mguu kwenye cherehani. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, jikoni, nimeshika sufuria tupu nisionekane sina kazi.

Jumapili ikafika, mchana. Binti akaja na kile kinasa sauti alichoazima, akatundika mablanketi dirishani kuzuia kelele za mtaa, akaweka viti viwili. Mimi nilikuwa nimeziba sikio la kushoto kwa pamba. Kiboksi nimekiweka chini, kimezimwa, na besi niliisikia moja, safi, baada ya miaka sijui mingapi. Mama akaingia. Amevaa gauni lake la kijani, amejifunga kilemba. Akakitazama kile kiti kilichowekwa kushoto kwangu. Akakibeba mwenyewe, akakipeleka kulia, akakaa.

Mimi pale nusura nife. Nikasema amenisamehe.

Nikaanza. Wimbo wake una mizunguko minne ya besi kabla ya ubeti. Moja, mbili, tatu. Kwenye wa nne nikamtazama, nikatabasamu kabisa, meno yote nje, ili aone uso mwingine. Nikamsikia anavuta pumzi, ile pumzi yake ya zamani, ndefu, kutoka chini tumboni, mabega hayainuki. Nikafika mahali pa ubeti.

Hakikutoka kitu.

Nikaendelea kuzunguka, ndiyo kazi ya besi, unamsubiri mwenzako. Mizunguko minne tena. Akavuta pumzi tena, mdomo ukafunguka. Kimya. Binti mikono iko mdomoni.

"Mama, umechoka? Tupumzike?"

"Sijachoka, mwanangu," akasema. "Koo lipo, pumzi ipo. Nikifungua mdomo tu, nauona uso wa baba yako."

"Si huu wa leo, mama. Ona, anacheka!"

"Naona. Ila ninaouona ni ule."

Akainuka. Akaweka mkono begani kwangu, hakuuweka kwa hasira, wala hakuukalisha sana. "Washa kiboksi chako, baba watoto. Kitakufanya wawili. Mimi nina sare za watu."

Akaenda chumba cha pili. Binti hakuzima kinasa, sijui kwa nini, labda mikono ilikuwa haimsikii. Na mimi nikafanya nilivyoambiwa. Nikatoa pamba, nikakikanyaga kiboksi, nikaupiga wimbo wote mpaka mwisho, nikimwachia nafasi zake zote, beti tatu na viitikio. Besi mbili, tatu, nne, sijui zilikuwa ngapi kichwani mwangu. Na nyuma cherehani ikilia. Nilitamani ifuate mpigo wangu, nisiwafiche, nilisikiliza nikitamani. Haikufuata. Ilikwenda mwendo wake.

Baada ya hapo hatukuliongelea tena. Aliishi nami vizuri. Alinipikia, alinitania, alinikemea nikisahau mlango wazi. Kitu kimoja tu kilibadilika. Tukitembea, alihamia kulia kwangu. Mezani, kulia. Kitandani alikuwa miaka yote analala kushoto, siku hiyo hiyo ya Jumapili akabeba mto wake akazunguka upande wa pili, na mimi nikasogea. Alijiweka kwenye sikio zima. Nilikuwa naamka kila siku nasema labda leo, hata kiwimbo cha puani, hata mmm moja. Nilisubiri miezi mitano. Halafu ikaja homa ya siku sita, na siku ya saba nikawa mjane.

Nasema mjane, najua mwanamume haitwi hivyo. Lakini mimi neno lingine sina.

Wanasema majuto ni mjukuu. Nyie wajukuu mko kumi na mmoja, mnakuja mnakula mnaondoka. Huyo mwingine, majuto, amekaa, hana kwao.

Binti aliniwekea ule wimbo kwenye simu hii. Nikampelekea fundi redio ombi langu, naye akanipa ile hedifoni iliyokufa upande mmoja, akasema aichukue nani mwingine. Nausikiliza mchana, watu wakiwa kazini. Siusikilizi wote. Nasikiliza mwanzo tu. Mizunguko minne ya besi, na mwisho wa ule wa nne, kabla ya ubeti ambao haukuja, iko ile pumzi. Hhhhh. Ndefu, kutoka chini. Imenaswa vizuri, kinasa kilikuwa karibu naye.

Naiweka kulia, naisikia. Halafu nahamishia kushoto, kwenye lile sikio la hovyo, lililoninyang'anya kila kitu. Na mnajua? Haishuki. Pumzi haina sauti ya juu wala ya chini, haina mahali pa kukosea. Kulia ni pumzi, kushoto ni pumzi ile ile. Katika vitu vyote vilivyowahi kutoka kwenye koo la mke wangu kwa miaka ile, hiki ndicho pekee ambacho masikio yangu mawili yamekubaliana.

Naisikiliza mpaka pale inapojaa, pale ambapo sasa angeanza. Nazima. Narudisha nyuma.